Chumba Chako Chini ya Nyumba

Mdogo wangu kipenzi,

Sisi hatujambo, wanaoumwa ni majirani, kijicho. Binti yangu fundi, yule uliyembeba mgongoni, anakuchimbia chumba chini ya nyumba hii hii, nami nimo juu napika! Wala hachimbi ovyo kama panya. Chini ya msingi anachimba kipande kifupi, anajaza zege, anangoja likauke kabisa, ndipo anarukia kipande cha mbali, ili nyumba isikose pa kusimama.

Jana ukuta wa sebuleni ukapata ufa, mwembamba kama uzi. Akanitoa nje, akauegemezea ukuta magogo, akarudisha udongo shimoni. Kinyozi jirani yetu akacheka, "Bi fundi, shimo limekushinda?"

"Shimo nitachimba jingine, mzee. Mama mwingine nitampata wapi?"

Mdogo wangu, nilitaka kupiga kigelegele, nikaishia kumfuta vumbi usoni kwa kanga.

Basi chumba kitachelewa, mpaka ajue udongo ule una nini. Najua umechoka kukaa kwa watu tangu shemeji afariki. Usingoje chumba, njoo. Kitanda changu kipana, ila ukikoroma utakula kiwiko.

Ni mimi dada yako, mama wa fundi asiye na mfano.