Chumba cha Chini, Karibu na Bahari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi, na baridi ya huko imepungua? Wifi na watoto wazima? Sisi huku tunaamka na kulala, tunashukuru. Mama anakusalimu sana. Anasema ukirudi umekonda, wifi atamtambua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungenikatisha.

Nianze na mema. Tangu ulipotoa wazo la kumpeleka Mama mapumzikoni, nyumba ilichangamka. Picha ya loji niliyotoka nayo ofisini kwetu, tunakowakatia watu safari, aliibandika ukutani, juu ya cherehani: vijumba vya mawe juu ya jabali, miti imeinamia maji, na chini kabisa kighuba cha mchanga mweupe. Kila mteja aliyekuja kupimwa nguo lazima aoneshwe. Alijishonea gauni la kuogelea la mikono mirefu, akaapa kwamba ataingia majini hadi kiunoni, na anayetaka kucheka acheke mpaka mbavu zimuume. Alitaka chumba cha ghorofani, chenye roshani. Nikamdanganya kwamba vya juu vimejaa, nikachukua cha chini.

Cherehani yenyewe siku hizi anaikanyaga kwa taabu. Analalamika kwamba imekuwa nzito. Alimwita fundi, akaifungua yote, akaitia mafuta, akasema haina ubaya wowote. Mama akamjibu kwamba basi mbovu ni fundi, akamtoa nje kwa kelele. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilijua uzito uko wapi, nikanyamaza kama tulivyokubaliana: kwamba yale daktari aliyoniambia kuhusu miguu yake, kuwa inakufa polepole na hakuna dawa ya kuirudisha, tutamwambia kule kule loji, sote tukiwa naye, akitazama bahari.

Kaka, unanijua nilivyo mwoga. Nilipokuwa nashughulikia kile chumba sikuacha kitu bila kuuliza. Nilimwandikia dada wa mapokezi nikamuuliza upana wa milango, kama kiti cha magurudumu kinafika bafuni, kama kuna wa kumbeba mgonjwa kwenye ngazi za kushukia ufukweni, na hospitali iko umbali gani. Mwishoni nikaweka namba ya simu ya msafiri. Ndio utaratibu wa ofisi yetu. Bosi, tunayemwita Bwana Hakikisha, hutukaripia kwamba anayekwenda kulala ni mgeni, si karani, kwa hiyo loji impigie mgeni mwenyewe. Mkono wangu uliandika namba ya Mama kwa mazoea tu. Wala sikushtuka.

Yule dada akapiga. Ni mtu mkarimu, sina la kumlaumu. Alimhakikishia Mama kwamba mgonjwa asiyetembea atatunzwa vizuri, kwamba mlango unapitisha kiti, na wahudumu watambeba hadi mchangani, asiwe na hofu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, akamtakia kazi njema.

Niliporudi kutoka kazini nilimkuta ameketi kwenye cherehani, mikono mapajani. Aliniuliza miguu itakoma kutembea lini. Nilimwambia yote, Kaka, nimepiga magoti, nasubiri anifokee. Hakunifokea. Alisema kumbe alimwonea bure yule fundi, itabidi amwombe radhi. Kisha akalia. Mimi sikuwahi kumwona Mama akilia, hata kwenye msiba wa Baba.

Loji ameikataa. Anasema kubebwa kama gunia mbele ya watu atakuzoea baadaye, hana haraka nako. Ila amenituma nikuombe jambo moja: usingoje likizo. Njoo sasa, na uje nyumbani. Anataka ukibisha hodi aje kukufungulia mwenyewe, kwa miguu yake.

Kila asubuhi anajaribu kutoka kitandani hadi mlangoni, akishika ukuta, na hataki nimsaidie. Jana alifika. Leo aliketi katikati ya njia, akaniambia nimpishe apumzike.

Nisamehe, Kaka, mimi na woga wangu. Wasalimie wote hapo nyumbani kwako, uwabusu watoto. Na uje upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Karani