Neno batilifu, na mwanangu Deo

Mabawe, Alhamisi jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki. Nami ni hivyohivyo: nikilala nataka kukaa, nikikaa nataka kulala.

Jana mdogo wangu Silvesta alikuja kunijulia hali. Aliusifu uji, akaulizia dawa, kisha akasema lililomleta. Nikishazikwa, siku ukoo utakapokaa kumaliza matanga na kumtaja mrithi wa kibanja, shamba letu la migomba, atasimama aseme Deo si damu yetu.

"Kaka, Veronika ulimuoa ana mimba ya mtu. Ndoa ile ilikuwa batili tangu kanisani."

Nilikuwa karani wa mahakama Biharamulo miaka mingi, nikamjibu kikarani: haikuwa batili, ilikuwa batilifu.

Akacheka. "Unakufa, na bado unasahihisha watu."

Neno hilo hulikuti sokoni. Hata mahakamani nililiandika mara chache. Ndoa batili haikuwahi kuwa ndoa, hata wawili hao wakizeeka pamoja. Ndoa batilifu ni ndoa kamili, ila ina ufa, na sheria inampa yule aliyefichwa haki ya kumwonyesha hakimu ufa huo. Tena asikawie. Akinyamaza, ndoa imesimama. Ni kama mti uliopandwa ndani ya mpaka wako: wewe ndiye wa kuwaita wazee ung'olewe. Ukiuacha ukakua, mpita njia hawezi kuja na shoka lake.

Aliyefichwa nilikuwa mimi. Niligundua wiki chache baada ya harusi. Sheria niliijua, na hakimu alikaa chumba cha pili.

Nilinyamaza.

Watu wakisikia watasema nilikuwa na moyo mkubwa. Hapana. Niliogopa kuchekwa kwenye kilabu cha pombe ya ndizi. Upendo ulikuja baadaye, Deo alipoanza kutembea akiwa ameshika suruali yangu.

Leo mchana nilimwita nikamweleza yote, asije akayasikia kwa baba yake mdogo mbele ya kaburi langu. Alisikiliza ameinama, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Baba, ulinyamaza kwa ajili yangu au kwa ajili ya mama?"

Ningeweza kumdanganya. Veronika yuko kaburini, nani angenisuta?

"Kwa ajili yangu mwenyewe," nikasema. "Nyinyi nilijifunza kuwapenda baadaye."

Akainuka, akachukua panga, akaenda migombani. Hajarudi kwake, wala hajaingia ndani.

Jumapili baada ya misa nitawaita wazee, Silvesta akiwemo, niyarudie haya nikiwa bado na pumzi. Kibanja ni cha Deo. Juu ya hilo sina wasiwasi.

Wasiwasi wangu ni mdogo kuliko huo, na ndio unaonitafuna. Kila jioni Deo hupita mlangoni kwangu, huniambia, "Ulale salama, baba." Giza linaingia sasa. Je, leo atapita?