Magunia Tisa Makavu

Kasulu, 3 Oktoba 1973

Bazilio,

Wewe mtoto huna akili hata kidogo! Haya, salamu kwanza: mwakeye. Mimi mzima, mgongo tu. Naandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima hakikuwa bure, kwa hiyo usidhani ukali huu ni wa mtu mwingine.

Unajisifu duka limejaa chumvi, magunia kumi na manne, halafu chini ya karatasi unaniomba shilingi arobaini za kodi ya chumba. Nani alikwambia ujaze chumvi mwezi wa kupanda, na watu fedha wanaiona maharage yakivunwa? Utakula chumvi mpaka Januari? Na fedha ya kuinunua uliitoa wapi?

Bihogo hajambo? Niyibizi aliniuliza kanisani, nikamwambia ng'ombe wake ananawiri.

Bibi yako,
Esteri

Kibondo, 15 Oktoba 1973

Shikamoo Bibi,

Pole na mgongo. Mimi sina homa, ila silali.

Bibi, Bihogo nilimuuza kwa mchinjaji. Dereva wa lori alisema chumvi itaadimika. Nikaona nitauza haraka, ninunue ng'ombe wa rangi ileile kabla mwenyewe hajajua. Haikuadimika. Wateja wanakuja kukopa tu. Sandukuni mna shilingi sita. Mwenye nyumba anafunga mlango mwisho wa mwezi. Na mvua imeanza, magunia ya chini yanavuja maji, sijui yamepona mangapi, naogopa kuyahesabu.

Usimwambie Niyibizi.

Mjukuu wako,
Bazilio

Kasulu, 24 Oktoba 1973

Bazilio,

Ng'ombe wa kugabiwa, wa kumtunzia mwenyewe, anauzwa? Maziwa tulipewa, samadi tulipewa, ng'ombe hatukupewa! Na mimi ndiye niliyekunywa pombe ya Niyibizi mbele ya wazee nikasema, "Kwa mjukuu wangu yuko salama."

Jana alikuja. Mwanawe anaoa, Bihogo anatakiwa ukweni Jumapili tarehe kumi na moja Novemba. Nikasema, "Atafika." Uongo, na umri huu! Wakiniita mwizi hapa nitakwenda kuishi wapi?

Sasa sikia. Hao wasio na fedha waache. Ng'ombe wa Munanila wanataka chumvi kila siku, na wenyewe wana mitamba. Nimeongea na Reverien, mfugaji wa huko. Anatoa mtamba kwa magunia tisa makavu. Akigusa akaona unyevu, anaswaga mtamba wake anarudi kwao.

Niyibizi simdanganyi tena. Nitamwambia yote nikiwa nimeshika kamba ya huyo mtamba. Bila kamba mkononi, sina mdomo.

Hesabu magunia, acha woga. Yaliyolowa mpe mwenye nyumba kwa kodi yake, akikataa mwachie na kufuli. Usikopeshe hata kijiko. Makavu yapakie lori la kwanza la kuja Kasulu, yafunike kwa blanketi lako, na mvua ikinyesha ulalie juu yake wewe mwenyewe.

Bibi yako,
Esteri