Shiti za Punguzo Sizitaki

Karakanani,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai mgongo umepunguza kukusumbua na baridi ya huko imelegea. Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako. Niambie kama ulikwenda kwa daktari au uliishia kununua dawa ya kuchua. Sisi wazima. Goti la Mama linamruhusu kwenda bustanini na kurudi, na safari hizo ndizo zilizonitia katika haya ninayokuandikia.

Naandika nimesimama kwenye meza ya kukatia. Nimejaribu kukaa, nimeshindwa. Kila mistari miwili naenda kuangalia kitu nilichokwisha kukiangalia.

Nataka barua hii ikufikie kabla ya simu ya rafiki yako Punguzo, muuza vyuma. Atakwambia nimemvunjia heshima. Ana ukweli kidogo. Sasa sikiliza na upande wangu.

Hospitali ya wazazi inatengeneza bustani mpya. Wanataka kingo za chuma, mita mia tatu arobaini, za kuzuia udongo wa vitalu vya maua usimwagikie njia. Udongo wenyewe unamwagiliwa asubuhi na jioni, na umejaa samadi. Chuma chenye koti jembamba la zinki humo hakina maisha. Kutu ikikila, ukingo unabaki na meno kama msumeno, na hapo ndipo akina mama wanapita na vichanga. Sijawahi kupata kazi kubwa kama hii.

Kabla sijatoa hata bei, Punguzo alishamwambia msimamizi wa bustani kwamba shiti za chuma zitatoka dukani kwake, kwa kuwa "kaka mtu ameshakubali." Kaka mtu ni wewe. Ulikubali Jumapili kwenye simu na Mama, nami nilikuwa hapo hapo jikoni naosha vyombo. Hakuna aliyeniita.

Nakuheshimu, Kaka. Ulinipa drili moja, na mpaka leo nimeitunza. Mkasi wa shiti nilinunua mwenyewe, na mashine ya kukunjia, na paa hili. Mwaka wa kumi na moja sasa watu wanaingia hapa wananiuliza mwenyewe yuko wapi, na nyundo nimeishika mimi.

Na shiti zake nazijua. Miaka mitatu iliyopita nilizichukua kwa neno lako, nikatengeneza masanduku ishirini na mawili ya maua kwa ofisi ya mabasi. Miezi kumi na minane tu, maji ya kahawia yakaanza kutiririka kwenye vigae vyao. Niliyarudia yote. Muuza mbao hapa jirani bado ananiita Fundi Kutu. "Fundi Kutu, hujambo? Leo umeliwa wapi?" Nacheka naye. Nikigeuka, sicheki.

Ndiyo maana mwaka jana, mwezi wa tatu, nilifukia vipande vitatu nyuma ya jiko la Mama, kwenye mbolea ya kuku. Vyote sentimita ishirini kwa ishirini. Nilivipiga patasi pembeni: alama moja, shiti ya Punguzo; alama mbili, yenye koti nene la zinki; alama tatu, ile ambayo zinki yake imechanganywa na aluminiamu na magnesiamu kidogo. Nilivipima kwa mizani ya sonara nikaandika. Nilijua siku ya kufukua nitaona kwa macho ni kipi kimeliwa.

Juzi nilikwenda kufukua, nikakuta vitunguu. Vipande viko juu ya ukuta vimeanikwa, vinang'aa kama sufuria za harusi.

"Nimekusafishia," Mama akasema. "Vilikuwa na uchafu, we acha tu. Majivu yameisha, waya wa sufuria umeisha."

"Mama, ule uchafu ndio niliokuwa nautaka."

"Mtu mzima anataka uchafu? Watu waje wakute kutu kwangu, na mwanangu fundi chuma?"

Nilitoka, nikarudi, nikatoka tena. Miezi kumi na minne imesuguliwa. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo akili ilipokuja: kutu ikiondoka, kinachobaki ni chuma kizima. Pima kilichobaki, toa katika uzito wa mwanzo, umepata kilicholiwa. Kutu ingebaki ingeongeza uzito na kunidanganya. Na Mama akisugua hapendelei. Unakumbuka masikio yetu akituogesha.

Sonara akapima. Alama tatu imepungua gramu moja nukta moja. Alama mbili, gramu nne. Ya Punguzo, gramu tisa na nusu, na kona moja ina tundu la kupitisha kalamu.

Cheti chake kinasema koti ni gramu mia mbili sabini na tano kwa kila mita ya mraba. Nikakata kipande kipya cha shiti yake, nikakitumbukiza kwenye asidi mpaka koti likaisha, nikapima. Themanini na mbili. Hesabu hiyo nikampelekea dukani, mbele ya wateja.

"Dada, unapima bati kama dhahabu?"

"Wewe unaliuza kama dhahabu."

"Nitaongea na kaka yako."

"Ongea naye. Na cheti umsomee."

Heshima ilivunjikia hapo.

Jana msimamizi wa bustani alileta karatasi ya dhamana, miaka kumi, itiwe saini na mwenye karakana. Punguzo alikwishaambiwa aandike ya shiti zake, akasema mwaka mmoja unatosha. Msimamizi yule akaniuliza kwa upole kama ningependa kumsubiri kaka yangu. Nikamwambia nimechagua alama tatu, na sitachomelea popote kwa kuwa moto unaunguza koti. Nitakunja na kufunga kwa boliti zenye koti lilelile. Kisha nikaandika jina langu lote, mpaka la babu.

Miaka kumi, Kaka. Nitakuwa na hamsini na mbili. Ni miezi mia na ishirini. Ninayoijua ni kumi na minne, hiyo mia na sita siijui. Ndiyo inayoninyima kiti. Zikiliwa, nitazing'oa mwenyewe mita zote mia tatu arobaini na kuzirudia, wala sitamtaja mtu.

Kwa hiyo Punguzo akikupigia, usinitetee na usiniombee radhi. Mwambie karakana ina mwenyewe, amtafute. Maneno hayo tu, na umwambie Mama pia, maana kwangu ameyasikia mara nyingi yamekuwa kama kelele za mashine.

Nisalimie wifi na mapacha. Mama anauliza kama unakula. Shemeji yako anasema deni la kukufunga bao bado analo. Mungu akunyooshe mgongo, akufungulie njia, na akurudishe nyumbani ungali na nguvu za kubishana nami.

Wako akupendaye, hata leo,

Mdogo wako.