Pale Mkono Wako Ulipoishia

Mwaka umezunguka, Mama, ukarudi palepale: asubuhi uliyomwambia Baba, "Ngoja nijinyooshe mgongo kidogo, chai ikichemka niite." Chai ilichemka. Baba alikuita.

Kwenye kiti chako cha dirishani ulikuwa umemwacha tembo. Alikuwa na miguu miwili na tumbo la kushiba, lakini hakuwa na kichwa. Uzi wa kijivu ulishuka kutoka kifuani mwake hadi kwenye donge lililokuwa ndani ya kapu. Kitanzi cha mwisho ulikuwa umekibana kwa kikwasi, ile pini ya kufungia nguo, kazi isije ikafumuka ukiwa umelala. Ulikuwa unamfumia mtoto wa binti yako wa mwisho, ambaye siku hizo alikuwa bado tumboni mwa mama yake. Ulikuwa umeshaahidi, na mtaa mzima unajua kwamba ahadi yako ya mdoli haikuwa ya kukumbushwa.

Leo tunakukumbuka, na tunataka kukusimulia tembo yule aliishia wapi. Wengine wanaosoma hapa wasikilize tu. Habari ni yako.

Kliniki ya watoto, ulikokuwa ukipima uzito, bado wanakuzungumzia kwenye mizani. Mtoto akiwekwa kwenye kitambaa cha kupimia akaanza kujikunja kulia, juu yake kulikuwa na twiga wako wa uzi akining'inia. Mtoto alimkodolea macho, nawe ukasoma kilo zake kwa amani. Muuguzi wa chanjo alikuwa akilalamika: "Dada, wewe unawabembeleza, mimi nawatoboa. Watoto wa mji huu wote wananichukia mimi." Baada ya siku chache ulimletea kobe wa uzi anayetosha kiganjani. Tangu hapo mtoto hushikishwa kobe kwanza, sindano baadaye. Kobe huyo amefuliwa hadi rangi imemkimbia, lakini muuguzi anasema bado yuko kazini na hajaomba likizo.

Hakuna aliyekufundisha. Ulinunua kofia ya mtoto, ukaiweka juu ya meza ya jikoni, ukaifumua polepole ukitazama kila kitanzi kinakotoka. Kisha ukaifuma tena. Ilitoka ndogo kuliko ilivyokuwa, kwa kuwa mkono wako ulikaza. Ukaifumua tena. Hatujui ulirudia mara ngapi, ila tunajua kwamba ulipomaliza ulikuwa fundi na kofia ilikuwa imechakaa.

Mdoli wako wa kwanza ulikusudia awe paka. Baba, ambaye ni fundi baiskeli, alimgeuza huku na huku kama anayetafuta mahali mpira ulipotoboka.

"Huyu ni paka," aliuliza, "au ni kiazi kilichoota masikio?"

"Ni paka aliyenenepa."

"Basi amepitiliza."

Hukununa. Ulimweka juu ya kabati la vyombo, na hadi leo anaitwa Kiazi. Wageni wakimuuliza Baba kile ni kitu gani, hujibu kwa heshima zote kwamba ni paka.

Mpwa wako alipokuonyesha kwenye simu kwamba Wajapani wana jina la kazi hii, amigurumi, ulilitamka mara mbili tatu kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Jina zuri," ukasema. "Lakini huyu anaitwa sungura." Ukaendelea kufuma.

Nyumba nayo hukuiacha uchi. Birika lina koti. Funguo zina maua. Kile kiti kinachokwaruza sakafu kina soksi nne, moja nyekundu kwa sababu uzi wa bluu uliishia njiani.

Ulikuwa na taratibu zako. Mdoli ulimwanzia miguuni. Ulisema anayeanzwa kichwani hukua na majivuno. Macho yalikuja mwisho kabisa, tena baada ya wewe kumwona mtoto mwenyewe na kumtazama vizuri. Mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni ulimshonea macho ya uzi mweusi. "Vifungo," ulikuwa ukisema, "ni vya wanaojua kutema."

Jioni ilikuwa zamu ya Baba. Uzi mpya ukija umekunjwa kitanzi kirefu, lazima mmoja aushike mikononi ili mwingine auzungushe uwe donge. Baba alisugua grisi vidoleni kwa sabuni ya unga, akakaa mbele yako na mikono juu kama mtu aliyekamatwa. Akitaka kujikuna pua ulimkuna wewe. Siku moja alikuletea rimu ya baiskeli aliyoifunga kwenye kigingi, izunguke yenyewe, apumzike. Uliijaribu, ukamshukuru, ukaiegemeza ukutani. "Inazunguka vizuri," ulimwambia, "lakini haina mazungumzo." Mikono ya Baba ikarudi juu.

Katika sisi wanao, ni Dada Mkubwa peke yake aliyekuwa na subira ya kujifunza. Ulimrekebisha jambo moja tu miaka yote. "Mwanangu, mkono wako unacheka mno. Vitanzi vimefungua midomo, pamba itachungulia." Naye hujibu, "Na wako je, Mama?" Ukautazama mkono wako. "Wangu umenuna," ukakiri. "Lakini haufichui siri."

Mjukuu wako alizaliwa salama, wa kike. Baba alimpa jina la utani siku ya kwanza kwa ajili ya kitovu chake kilichotokeza: Kifungo. Ndipo Dada Mkubwa alipomfuata Baba barazani.

"Baba, nimmalizie yule tembo? Mtoto ameshakuja, na ahadi ipo."

"Mwacheni alivyomwacha."

"Mama aliahidi, Baba."

"Aliahidi mkono wake. Hakuahidi wa kwako."

Dada alienda jikoni akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Hatukuona wa kumlaumu. Dada alilinda neno lako, Baba alilinda kazi yako, na vyote viwili vilikuwa vyako. Tembo akabaki kitini bila kichwa. Kila alipofagia, Baba alikisogeza kiti na tembo wake, kisha akakirudisha. Aliyekaribia alisikia kikohozi cha Baba.

Kifungo akajifunza kukaa, akajifunza kutambaa, na hakujua makatazo ya mtu.

Siku moja Baba alikuwa akijiandaa kwenda kumwona mgonjwa, kifungo cha suruali kikamkatikia mlangoni. Alitafuta pini kwenye droo, akatafuta kwenye kopo la sindano, akakosa. Halafu akaiona moja kifuani kwa tembo. Alidhani uliichomeka iwe alama, kama ulivyozoea kuchomeka vipande vya uzi mwekundu ili ujue mzunguko ulipoanzia. Anasema alimwambia tembo, "Niazime, nairudisha mchana." Akajifunga, akaenda zake.

Nasi wote tunajua, Mama, jambo ambalo Baba hakulijua. Mdoli wa kufumwa hana fundo katikati. Mwili wake wote ni uzi mmoja unaozunguka, na ukikipata kitanzi cha mwisho umempata wote.

Aliporudi, binti yako wa mwisho alikuwa uani akianika nguo. Sebuleni Kifungo alikuwa ameketi katikati ya uzi wa kijivu uliomfika kwapani, akiuvuta na kucheka. Kifua cha tembo hakikuwepo. Nusu ya tumbo haikuwepo. Pamba ilikuwa imetapakaa hadi chini ya meza.

Baba alimwinua mtoto kwanza. Akamtoa uzi shingoni, akamwangalia mdomoni kama hana pamba, akampa mama yake. Kisha akaketi palepale sakafuni. Dada Mkubwa alipoitwa, alimkuta ameshika kilichobaki cha tembo kwa mikono miwili.

"Nani ameufungua?" Baba aliuliza. Hakupandisha sauti.

Dada alitazama tembo, akatazama uzi, halafu macho yake yakatua kwenye suruali.

"Baba," akasema taratibu, "hiyo pini kiunoni umeitoa wapi?"

Baba akainamisha kichwa akajitazama kiunoni.

"Kwa tembo," akasema. "Nilidhani ni alama."

"Ilikuwa kufuli, Baba."

Miezi yote ile ametukataza tusimguse, na mkono uliomfungua ukawa wake. Hakuna aliyemcheka, ingawa wewe ungemcheka, naye angependa umcheke. Alisema tu, "Basi nimempoteza mara ya pili."

Dada alipiga magoti, akaanza kuukusanya uzi. Akasema yale uliyokuwa ukiyasema wewe kila ulipobomoa kazi ya siku nzima: "Nimefumua, sijapoteza. Uzi upo wote."

Uzi ulikuwepo, lakini ulikuwa umejikunja wote, mawimbi madogo madogo yanayofuatana. Baba aliunyanyua kidogo kuelekea dirishani.

"Hivi vikunjo ni nini?"

"Ni vitanzi vyake. Kila kikunjo ni mahali alipopitisha sindano."

"Kila kimoja?"

"Kila kimoja."

Baba akaupitisha uzi katikati ya vidole, polepole. "Ukiuosha?"

"Unanyooka."

"Na ukiufuma hivihivi?"

"Utatoka na manundu, Baba. Hautakaa."

Baba alienda na uzi ule chumbani, akashinda nao. Sisi tukaona yamekwisha, tembo ndiye basi.

Kesho yake asubuhi tulisikia maji yakimiminwa uani. Baba alikuwa amekunja mikono ya shati, anausuuza uzi wako kwenye beseni kwa mkono mwepesi, kama anayemwogesha Kifungo. Alipomaliza aliichukua ile rimu uliyoiegemeza ukutani, akauzungushia uzi mbichi, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuuvuta sana, akaiweka juani. Alikaa kando yake akifukuza kuku. Ulipokauka ulikuwa umenyooka kama umetoka dukani. Vikunjo vyako vyote vilikuwa vimekwenda, na aliyeviondoa ni yeye mwenyewe.

Akauvua kwenye rimu, akautia mikononi mwake, akamwinulia Dada.

"Haya," akasema. "Zungusha."

Dada akazungusha. Na kwa kuwa mikono ya Baba ina mazungumzo, akaanza kuzungumza. Alimsimulia asubuhi ile tangu mwanzo: ulivyolalamikia mgongo, ulivyosema ujinyooshe, alivyosimama na birika mkononi akidhani umelala fofofo. Hakuwahi kumwambia mtu. Kwa hiyo habari ya chai tuliyoianzia hapa juu, Mama, tuliipata kwenye donge lile la uzi. Pua ilipomwasha, Dada alimkuna.

Dada alishika tumbo la tembo pale uzi ulipokomea, akaanza kupanda. Alijitahidi kukaza, lakini mkono ni mkono. Alipofika shingoni aliona mwenyewe mstari unaozunguka tumboni: chini yake vitanzi vimebana kama meno, juu yake vimelegea. Akampelekea Baba.

"Baba, naona aibu. Nifumue wote nianze miguuni? Atakuwa sawasawa."

Baba alivaa miwani. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mstari, akarudia, akauzunguka tembo mzima.

"Hapa ndipo alipoishia?"

"Hapo."

"Chini amenuna, juu anacheka."

"Ndiyo, Baba."

"Usiguse. Nilikuwa sijui nimshike wapi."

Basi Dada akaendelea: kichwa, mkonga, masikio, mikono. Yakabaki macho. Dada alimpa Baba sindano na uzi mweusi, naye akasema hajawahi kushona kitu laini kuliko tairi. Lakini alikumbuka utaratibu wako. Alimpakata Kifungo karibu na dirisha, akamtazama hadi mtoto akachoka akaanza kumvuta masharubu. Ndipo akashona.

Jicho moja limepanda juu ya jenzake. Tulipomwambia, Baba alituita tumwangalie Kifungo anaposhangaa. Ni kweli, Mama, huinua nyusi moja. Baba anasema alishona alichokiona.

Tembo ana kazi ngumu. Analambwa, anaburutwa, amewahi kuogelea kwenye ndoo ya kufulia. Tumemchunguza: hata pale alipolegea, pamba haijachungulia. Kifungo akisinzia humshika tumboni, na mara nyingi kiganja chake hukaa juu ya ule mstari, kidogo huku kidogo kule. Kikwasi kimerudi kwenye kopo la sindano. Suruali ya Baba imeshonwa kifungo.

Unakumbukwa na mume wako, fundi baiskeli, ambaye jioni bado ananawa grisi. Na Dada Mkubwa, ambaye sasa anafuma kwenye kiti chako cha dirishani kwa ruhusa ya Baba. Na wanao wa kati wawili, tusiojua kufuma ila tunajua kusimulia. Na binti yako wa mwisho na mumewe. Na mpwa wako wa simu. Na muuguzi wa chanjo pamoja na kobe wake. Na Kiazi, juu ya kabati. Na Kifungo, ambaye hamkukutana, lakini mnashikana kila akilala.

Kukusahau, Mama, hatuwezi. Hata tungetaka, hatujui uzi wa kukufumua unaanzia wapi.