Papa, Byamungu Alikuandikia

Papa,

Watu wanasema marehemu hakasirikiwi. Mimi nimekasirika, na leo utanisikia mpaka mwisho.

Unakumbuka ile barua pepe ya tapeli? Alijifanya Byamungu, mwanao wa kwanza, eti amelazwa hospitali huko Montréal, utume pesa haraka. Ukatuma. Ulipojua umeibiwa ukaleta fundi wa kompyuta pale dukani kwako Nyawera, ukamwamuru afunge kila kitu: "Hata mbu moja isiingiye!" Akakuwekea kichujio cha barua pepe kinachopokea wateja wako wa zamani tu. Jioni ulininunulia ndizi za kuchoma, ukasema sasa utalala usingizi. Tulicheka.

Lakini ulimshuku Byamungu mwenyewe. Aliponipigia akaapa si yeye, nilikuletea neno lake. Ukajibu: "Aniandikiye yeye mwenyewe, nitasoma." Akaandika. Nikakuuliza. "Hakuna kitu. Ule mutoto iko muongo." Nikamrudia, akasema ameandika tena, muongo ni wewe, Papa. Mimi katikati, natukanwa huku na huku! Mwishoni kila nikitaja jina lake uligeukia ukuta. Hata siku ile ya mwisho, Papa.

Makaburini baba wadogo walifuata amri yako kwamba asitajwe. Walituita watoto mmoja mmoja kutia udongo, jina lake wakaliruka.

Juzi nilifungua kompyuta yako, ile ambayo hukutaka tuiguse. Kichujio kilizitupa barua zake zote kwenye taka, zimebanwa kati ya bahati nasibu na dawa za kuotesha nywele. Ya mwisho inasema: "Papa, mimi sikukuomba pesa. Naomba tu unijibu." Nilipiga meza, nikalia kwa hasira. Ulimfungia nje mwizi pamoja na mwanao, na hata siku moja hukuchungulia mlangoni!

Nimelegeza kichujio. Sasa uchafu unaingia kila asubuhi, naufuta mwenyewe, na hata zile taka nazipitia kabla ya kuzimwaga. Inachosha. Afadhali nichoke.

Siku ya kuondoa matanga nitasimama mbele ya baba wadogo, nisome barua zake zote kwa sauti, halafu nimwite kwa jina, yeye wa kwanza, kabla yangu. Atakuwa kwenye simu, anasikiliza.

Kwaheri, Papa. Nakupenda, na hasira bado ninayo. Ukisikia jina lake siku hiyo, usigeukie ukuta.

Binti yako