Kiazi Kinachoelekea Steji

Dada Makena,

Leo mkandarasi ametuambia sisi waandishi wa habari kwamba ghorofa hizi mpya za Nchiru, zenye maduka chini na steji ya matatu mbele, ni imara kabisa. Steji haijawahi kuona gari. Barabara yake haikujengwa.

Nimekaribishwa na Mama Kendi, mpangaji wa ghorofa ya tatu. Alipokuwa akimenya viazi vya kuponda mukimo, kimoja kilianguka kikabiringika chenyewe hadi mlangoni.

"Wachana nayo, mwandishi, inaenda steji," alicheka. Kisha akaacha kumenya. "Lakini jana zilikuwa zinaenda kwa dirisha."

Ukutani mnasikika mlio kama wa meno yanayosagana. Watoto wake amewapeleka kwa nyanya yao. Yeye hana pengine pa kuhamia.

Mwambie mama nakula vizuri, nawakumbuka. Mkaguzi wa majengo wa kaunti anakuja Jumatatu asubuhi.

Nduguyo, Mwenda